Rafiki yangu ameacha kunisubiri kwa sababu ya malalamiko yangu

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nina miaka 38, nimeolewa na nina watoto wawili. Nimekuwa mtu wa kulalamika kutwa nzima, na sasa naona kinachonitokea kwa sababu hiyo.

Nikiamka saa kumi na moja alfajiri, neno la kwanza kunitoka ni lalamiko. Ndoo hazijajazwa. Soksi za mtoto hazionekani. Umeme umekatika usiku kwa kuwa uniti zimeisha na hakuna aliyenunua. Nyumba tunayokaa tuko wapangaji watano na mita ya umeme ya LUKU ni moja. Kuna mama mmoja ana friji, anauza barafu na maji ya baridi, lakini ikifika siku ya kuchanga wote tunatoa sawa. Basi njiani dereva wa bajaji ananisikiliza mimi na friji ya yule mama mpaka nashuka. Shuleni nawaeleza walimu wenzangu habari za mume wangu, kwamba akirudi ni yeye na simu yake, huku mimi nahangaika na jiko, watoto na rundo la madaftari ya kusahihisha. Jioni mume akiingia, kabla hajavua viatu, anaanza kusikia ya mkuu wa shule: amenipanga zamu tena, darasa langu lina watoto zaidi ya 90, na daraja langu la kazi limekwama wakati niliopata nao ajira pamoja mwaka 2014 wameshapanda kwa mserereko, ule upandishaji wa kuwafidia waliocheleweshwa. Usiku nampigia dada yangu aliyeko Mbeya na kumweleza yote upya.

Mume wangu ni fundi magari. Zamani akifunga gereji saa kumi na mbili alikuwa anakuja moja kwa moja nyumbani. Siku hizi anapitia kijiweni kunywa kahawa na anarudi saa tatu, watoto wameshalala. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole tu, "Mama, kule napumzika."

Kilichonisukuma kukuandikia ni rafiki yangu, mwalimu mwenzangu. Kwa miaka mingi tumekuwa tukitoka pamoja shuleni na kutembea hadi stendi ya bajaji. Muhula huu akaanza kuniambia, "Wewe tangulia, mimi nina kazi kidogo." Nikaamini. Baadaye nikasikia kwa mwalimu mwingine, tena ofisini mbele za watu, kwamba rafiki yangu amepangiwa upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi. Nilimfuata nikamuuliza, mbona mimi hukuniambia? Akanitazama, akasema, "Madam, nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unaongelea friji. Mara ya pili ulikuwa unaongelea zamu. Nikaona nikuache." Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kujitetea.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Nikakuta habari za mchungaji mmoja wa Marekani, Will Bowen wa Kansas City, ambaye mwaka 2006 aliwagawia waumini wake bangili za zambarau. Kila ukilalamika unaihamishia mkono wa pili na kuanza kuhesabu upya, mpaka utimize siku 21 mfululizo. Mimi sikuwa na bangili, nikavaa rababendi. Kabla ya kengele ya uji nilikuwa nimeihamisha mpaka wanafunzi wakaanza kuuliza. Nikaivua. Baada ya hapo nikaamua kufunga mdomo kabisa. Mume akaniuliza kama naumwa. Nilivumilia siku kadhaa, halafu Jumamosi nikakuta unga umeisha na hakuna aliyenijulisha. Nilifumuka. Yote ya wiki nzima yalitoka siku hiyo, mbele ya watoto na wapangaji.

Anti, nina maswali mawili. Marehemu mama yangu naye alikuwa hivi hivi, tangu jogoo la kwanza hadi tunalala. Je, hili ni la damu, haliondoki? Na la pili, mengi ninayolalamikia ni ya kweli. Daraja langu kweli limecheleweshwa. Darasa kweli limejaa. Nikiacha kusema, si nitaonekana nimeridhika? Watu wananiambia, "Shukuru Mungu, wenzako hawana hata kazi," na maneno hayo yananichoma kuliko shida yenyewe.

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole na uchovu, na pole kwa habari ya rafiki yako.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilifuatilia jambo moja tu: kila lalamiko anaambiwa nani. Friji ya jirani anaelezwa dereva wa bajaji. Mume anasemwa ofisini kwa walimu. Mkuu wa shule anasemwa kwa mume. Dada yako, aliye mbali na asiyeweza kukujazia hata ndoo moja, anaelezwa yote. Nimetafuta katika barua nzima mahali ulipomwendea mhusika mwenyewe ukamwambia shida yako na unachotaka afanye, na sikupaona. Siku ile ya unga wahusika walikuwepo, lakini hata siku hiyo hukuomba kitu. Ulilipuka tu.

Kwa hiyo naona unasema sana lakini unaomba kidogo mno. Ndiyo maana kunyamaza hakukukusaidia. Ulipofunga mdomo, shida zilibaki palepale, na wenye kuzitatua walibaki hawajaambiwa. Sitakushauri ufunge mdomo tena. Nataka uanze kupeleka kila jambo kwa mwenyewe, ulifikishe mara moja kwa maneno yanayoeleweka, halafu huku kwingine kote uliache.

Hao wanaokuambia ushukuru kwa kuwa wenzako hawana kazi, usiwachukie, lakini usiwafuate. Kushukuru ni wajibu, ila hakufuti haki ya mtu. Nabii Yaaqub, kwa habari iliyomo katika Surat Yusuf, alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu. Daudi naye katika Zaburi ya 142 anasema wazi kwamba anayamwaga malalamiko yake mbele za Bwana. Wote wawili walilalamika, na hakuna aliyewaita watu wa lawama. Walijua wanampelekea nani.

Najua utaniambia, "Lakini Anti, nikishasema najisikia nafuu." Nafuu ipo, ila haikai. Mwaka 2002 mtaalamu wa saikolojia Brad Bushman, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Iowa State, alichapisha jaribio alilolifanya kwa wanafunzi 600. Waliandika insha, na insha zikarudishwa na maneno makali ya kuudhi. Wewe ni mwalimu, unajua maneno ya kalamu nyekundu yanavyoweza kumuumiza mtu. Baadhi yao waliruhusiwa kupiga mfuko wa mazoezi ya ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi, ili watoe hasira. Wengine walikaa kimya kwa dakika chache bila kufanya chochote. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio walioishia na hasira kubwa zaidi. Jambo la namna hiyo linakupata kila siku. Friji umeianza kwenye bajaji ukiwa umekereka kidogo, ukaisimulia ofisini, ukaimalizia kwa dada usiku. Ukilala, yule mama amekuwa adui, na yeye hajui hata kama kuna tatizo.

Sasa rafiki yako, maana lake haliwezi kusubiri. Upasuaji una tarehe.

Nenda kwake nyumbani, si ofisini. Omba radhi kwa sentensi moja au mbili tu: "Ulinitafuta nikakosa kukusikia. Nisamehe." Kisha ishia hapo. Mtu aliyezoea kulalamika akianza kuomba msamaha, mara nyingi msamaha wenyewe unageuka lalamiko jingine kuhusu nafsi yake: mimi nikoje, mimi mbaya, sijui kwa nini niko hivi. Mwisho mgonjwa ndiye anakaa kumbembeleza mzima. Usimfanyie hivyo. Muulize anaendeleaje, naye akianza kusema, mwache amalize. Akinyamaza, usijaze wewe. Huenda kuna analoogopa na hajamwambia mtu.

Halafu uliza mambo ya kufanya. Nani atalala naye hospitali? Bima imekubali, au kuna pesa inayopungua? Wameambiwa watafute watu wa kuchangia damu? Vipindi vyake nani atavishika, na mkuu wa shule ameshajulishwa? Akitoka wodini, aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo hukatazwa kubeba vitu vizito kwa wiki kadhaa, na kwenye nyumba zetu kitu kizito cha kwanza ni ndoo ya maji. Nani atamchotea? Chukua mawili matatu kati ya hayo uyafanye kweli. Usitegemee akusubiri getini kesho yake. Atarudi kwa muda wake akiona umebadilika.

Nije kwenye daraja, maana hapo una haki na unaipoteza kwa kuisimulia. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, na watu wengi wa umri wako kazini wakabaki nyuma. Mserereko ulikuja kuwarudisha waliochelewa mahali walipostahili kuwa. Ikiwa wenzako wa mwaka mmoja wamepanda na wewe umebaki, kuna sababu, na sababu hiyo iko kwenye jalada lako kuliko kwenye kinywa cha mkuu wa shule. Pengine kuna barua haimo. Pengine tarehe ya kuthibitishwa kazini imeandikwa vibaya. Pengine taarifa zako za utendaji hazikukamilika kwenye mfumo. Mume wako hawezi kuliona jalada hilo, wala mimi.

Kaa chini uandike barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa halmashauri, K.K. (kupitia kwa) mkuu wa shule, na nakala kwa ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya wilaya, kwa kuwa Tume ndiyo inayohusika na kupandisha walimu vyeo. Taja tarehe ya ajira, tarehe ya kuthibitishwa, daraja ulilonalo na tangu lini, na uombe uelezwe kwa maandishi kilichokwamisha. Ambatisha nakala ya barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ya daraja la mwisho. Usiandike kwamba umeonewa wala usimtaje aliyepanda. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, uitunze. Weka tarehe ya kwenda kuulizia, na kama hujajibiwa, mfuate mwakilishi wa chama chenu cha walimu mwende wote.

Ukishaipeleka hiyo barua, umepata ruhusa ya kutoongelea daraja mpaka tarehe uliyoiweka. Mtu akikuuliza, mwambie, "Nimeandika, nasubiri jibu." Basi. Utashangaa jinsi jambo linavyopungua uzito ukishalifikisha panapohusika. Uliuliza kama kuacha kulalamika ni kuonekana umeridhika. Afisa anayekuta barua yako mezani, yenye muhuri na tarehe, hawezi kudhani umeridhika. Anayeweza kudhani hivyo ni yule ambaye hajawahi kusikia kutoka kwako, na mpaka leo hao ndio wote wenye uwezo wa kukusaidia.

Zamu ni jambo la mazungumzo mafupi na mkuu wa shule. Ingia ofisini kwake ukiwa na ratiba ya zamu ya muhula mkononi, umwonyeshe majina yalivyojirudia, uombe ipangwe upya. Kuhusu watoto 90 darasani, nitakuambia ukweli: mkuu wa shule hana chumba cha kuongeza wala mwalimu wa kuongeza. Hilo lisemwe kwenye kikao cha walimu na kwenye kamati ya shule, liandikwe kwenye muhtasari, nawe urudi darasani ukijua halitaisha mwaka huu. Kumwambia mume kila jioni hakutapunguza mtoto hata mmoja.

Friji haihitaji maneno mengi. Zungumza kwanza na yule mama peke yake, kwa heshima, kabla hujamwitia kikao. Biashara ya barafu ndiyo riziki yake, na akihisi mmemzunguka atajibu kwa shari. Mwambie wazi kwamba kuchanga sawa kunakuumiza, umuulize yeye anaonaje. Dawa ya kudumu ni kila mpangaji kufungiwa mita ndogo ya ndani, ambayo mafundi umeme huifunga, ili mkinunua umeme kila mtu alipe kwa alichotumia. Hiyo inahitaji idhini ya mwenye nyumba kwa kuwa nyaya ni zake. Akikataa, angalau kubalianeni kwamba mwenye friji atoe zaidi, na mtu mmoja ashike zamu ya kununua uniti kabla hazijaisha.

Yatabaki yasiyo na mwenyewe. Joto, mvua, vumbi, foleni, mtoto wa jirani anayelia usiku. Hayo sema mara moja, upite. Siwezi kukukataza kusema kuna joto.

Kuna kitu hujakiuliza lakini kitakupata. Ofisi za walimu, kama ofisi nyingi, zinaishi kwa malalamiko. Mtu akiingia asubuhi anasalimia kwa "vyuma vimekaza", mwenzake anaitikia kwa lake, na hapo wameshakuwa kitu kimoja. Ukiacha kuchangia, wapo watakaosema siku hizi unaringa. Usiwahubirie. Usimwambie mtu kwamba umeacha kulalamika, maana wataanza kukuhesabia. We uliza tu habari nyingine: mtoto wa fulani aliyefanya mtihani, shamba la mwingine, mama wa mwingine anayeumwa. Wengine watafurahi kupata nafasi ya kusema, kwani si rafiki yako peke yake aliyekuwa akisubiri.

Kuhusu rababendi, ulifanya vizuri kuivua. Simdharau yule mchungaji, bangili zake zimewasaidia wengi kujisikia wanavyosema. Lakini ilikuwa inakuhesabia makosa bila kukuonyesha la kufanya. Hizo siku 21 nazo zisikutishe. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia ndogo za kila siku, kama kunywa maji wakati wa mlo. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tabia ikawa inakuja yenyewe, na kati ya mtu na mtu ilikadiriwa kuanzia siku 18 hadi 254. Aliyeruka siku moja hakuharibu kazi yake. Na hizo zilikuwa tabia za kuongeza, wakati wewe unataka kuondoa. Jipe mwaka.

Badala ya mpira mkononi, chukua daftari moja kati ya hayo unayoyaona kila siku. Lalamiko likikujia, liandike, mbele yake uandike linamhusu nani, na mbele yake tena unataka afanye nini. Mfano: "Unga umeisha bila kuambiwa. Mume na binti mkubwa. Anayefikia robo ya mwisho ya ndoo ya unga aseme siku hiyo hiyo." Ukiishindwa ile sehemu ya tatu, kama hujui unataka mtu afanye nini, lalamiko hilo halijaiva. Usilipeleke kwa yeyote, liache kwenye daftari, ulisome tena baada ya siku mbili. Mengine utayafuta mwenyewe.

Uliuliza juu ya marehemu mama. Mtoto huokota namna ya kusema kwa waliomlea kama anavyookota lafudhi, na anayehamia mji mwingine akikaa sana lafudhi hubadilika. Haliko kwenye damu. Ila nakuomba umkumbuke mama kwa huruma. Wanawake wengi wa umri wake hawakuwa na ofisi ya kuandikia barua, wala mume wa kuombwa asaidie jikoni, wala nauli ya kwenda popote kudai. Alisema kutwa nzima huenda kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikiliza. Wewe unao wa kuwaendea.

Neno moja la afya. Unaamka saa kumi na moja, unalala baada ya kusahihisha na kupiga simu. Wengi wanaolalamika ni watu waliochoka. Lakini kama ukipumzika bado hakuna kinachokufurahisha, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, na hali hiyo imekaa wiki mbili na zaidi, nenda kamwone daktari umweleze hivyo hivyo. Ni ugonjwa kama mwingine na una tiba.

Nimemwacha mumeo mwisho kwa sababu ndiye mzito. Yeye alikuambia lalamiko lake ana kwa ana, kwa maneno mawili: kule napumzika. Usilichukulie kama tusi. Amekueleza kwamba mlango wa nyumba yake umekuwa mahali pa kusomewa mashtaka yasiyomhusu, na yanayomhusu kweli hajawahi kuambiwa, wanayajua walimu wenzako. Tena katika barua yako yote sijui lolote kuhusu siku yake huko gereji. Kama nawe hulijui, anza hapo. Akiingia mpe maji, mwache akae, muulize gari lililomsumbua leo ni la aina gani. Ya mkuu wa shule yasubiri, na mengi yatakuwa yameshakwenda kwa mkuu wa shule mwenyewe.

Hii haina maana kwamba yeye hana kosa. Baba anayerudi saa tatu kila siku anawakosesha watoto wake kitu, na wewe unabeba nyumba peke yako. Hilo ana haki ya kuambiwa na wewe una haki ya kulisema. Lakini angalia unavyolianza. John Gottman, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, aligundua pamoja na mwenzake kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo magumu zinaweza kuonyesha ndoa inaelekea wapi. Aliyeanza kwa kumshambulia mwenzake tabia hupata majibu ya kujitetea, na hapo jambo lenyewe limeshapotea. Kwa hiyo usianze na "wewe huwa hunisaidii" wala "unapenda simu kuliko watoto". Mtafute Jumapili mchana, watoto wakiwa nje, wote mmeshakula, simu zenu zote mbili zikiwa mbali. Mwambie, "Baba, Jumatatu na Jumatano huwa na madaftari mengi ya kusahihisha na nazidiwa. Naomba siku hizo mbili urudi saa moja, uwaogeshe watoto na uwapakulie chakula." Siku mbili zinatosha kwa kuanzia. Usichanganye na unga, wala friji, wala lile alilofanya mwaka juzi.

Akikubali, mwache afanye kwa namna yake. Mtoto akivalishwa fulana kinyume, akilala hivyo hatakufa, na ukimkosoa wiki ya kwanza hutamwona wiki ya pili. Akisema Jumatatu hawezi kwa sababu ya wateja, usiseme "nilijua tu". Muulize anaweza siku gani, halafu umwache afikiri mpaka ajibu, hata kama atachukua muda.